Namna ya Kupunguza Mzigo wa Ukamilifu kwa Mama Anayesomesha Watoto Nyumbani

Mama anayesomesha watoto wake nyumbani huko Marekani aanze kwa kusoma sheria ya jimbo lake, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu inayomlemea haitokani na sheria bali na picha za nyumba nadhifu anazoziona mtandaoni. Pennsylvania, ambayo ni miongoni mwa majimbo yenye masharti makali, hudai siku 180 za masomo kwa mwaka au saa 900 kwa ngazi ya msingi, pamoja na kumbukumbu za kazi za mtoto na tathmini ya kila mwaka. Texas haidai tathmini wala ripoti. Hakuna jimbo linalodai mkate uliookwa nyumbani.

Kisha achague masomo mawili yasiyorukwa, kwa mfano kusoma na hisabati, ayafundishe asubuhi watoto wakiwa na nguvu, na mengine ayagawe katika wiki. Somo linalomshinda, tuseme kemia, amwachie mwalimu wa kulipwa au mzazi mwenzake. Vyombo vinaweza kusubiri, na baba naye ana mikono. Mtoto akikwama kwenye kugawanya, ampe muda kabla ya kujilaumu, kwani hata watoto wa darasani hukwama vilevile, ila mama zao hawapo kuwaona.