Somo: Kuteremkia vijiji vya Ziwa Albert kutoka Hoima

Kwenye ramani Butiaba, Kibiro na Kaiso ni majirani. Usidanganyike. Barabara kuu inapita juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kila kijiji kina mteremko wake. Ukimaliza kimoja unapanda tena, ndipo uteremkie kingine.

Hatua ya 1. Lala Hoima, kama kilomita 200 kutoka Kampala. Beba noti ndogo ndogo.

Hatua ya 2. Anza na Kibiro, jua likiwa bado changa. Taksi, yaani matatu, hadi Kigorobya, boda hadi ukingoni, halafu miguu. Njia ni ya mawe na inaporomoka vibaya, kwa hiyo sandali ziache. Huko chini usiwe na haraka. Kina mama hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi inayotoka maji ya chumvi karibu na chemchemi za moto. Udongo unanyonya, jua linakausha, wanakwangua, wanachuja kwa maji, kisha wanachemsha mpaka ibaki chumvi tupu. Kazi hii ina karne nyingi. Bustani hizo za chumvi ni mali ya wanawake, basi usizikanyage wala kupiga picha kabla ya kuomba. Na ununue chumvi, jamani, si kutazama tu.

Hatua ya 3. Butiaba iko kwenye lami ya kwenda Wanseko. Ilikuwa bandari ya meli hadi mafuriko ya miaka ya 1960. Hapo ndipo ndege ya Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, ilipowaka moto mwaka 1954. Siku hizi watu huijia samaki.

Hatua ya 4. Kaiso, kwa lami inayokatiza hifadhi ya Kabwoya. Ukiwa na siku moja tu, iache.

MASWALI

Amooti, natokea Arua. Lazima nizungukie Kampala?
— Hata kidogo. Vuka kwa feri kutoka Panyimur hadi Wanseko, halafu taksi hadi Butiaba. Saa za feri ziulize jana yake.

Naogopa kule kupanda. Mtumbwi kutoka Butiaba hadi Kibiro je?
— Upo, ila ondoka alfajiri. Upepo ukishaamka ziwa halina utani. Hakuna jaketi la kuokolea, usipande. Umejaa magunia ya muziri, vile visamaki vya ziwani, ngoja mwingine.

Kinyoro sijui, nitaelewana nao?
— Ufukweni Kiswahili kinatembea, wavuvi wengi ni Waalur na Wakongo. Kibiro watakuuliza empaako yako, yaani jina la heshima kama hilo langu la Amooti. Kama huna, watakupa.