Namna ya kufanya utafiti wa kiethnografia kuhusu uendelezaji endelevu katikati ya mji unaojengwa upya: mfano wa Dodoma

Utafiti wa kiethnografia ni wa kukaa na watu na kuyatazama maisha yao kwa karibu. Anza na vibali. Ukishapata kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), au cha chuo kilichokasimiwa mamlaka hayo, pamoja na barua za mkoa na jiji, jitambulishe kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu wafanyabiashara watawauliza hao kwanza kabla ya kukujibu wewe.

Usichunguze mji mzima. Chagua kipande kimoja cha barabara, tuseme eneo la Majengo au Madukani, ukae hapo kiangazi na pia majira ya mvua, ambayo Dodoma kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baraza moja laweza kuwa na fundi cherehani asubuhi, mama lishe mchana na muuza chipsi jioni, wote wakitegemea kivuli cha mwarobaini mmoja ambao ramani ya mradi wa kuujenga upya mji haiuonyeshi. Chora kivuli hicho kila baada ya saa mbili, uandike nani amehama nacho na ndoo ya maji imetoka wapi. Kwa maoni yangu, mchoro huo utakueleza kuhusu uendelevu mambo ambayo dodoso haliwezi kuyafikia.

Ukimuuliza mtu anauonaje uendelezaji endelevu, atakujibu kwa adabu kwamba ni jambo zuri, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize badala yake: fremu hii ikivunjwa, meza utaipeleka wapi, na wateja wako watakufuataje? Zoezi la kuwapanga machinga, yaani kuwahamishia wachuuzi wadogo kwenye maeneo waliyotengewa, lililoanza nchini mwaka 2021 limewapa wengi jibu la kusimulia, si la kukisia.

Tenganisha wenye nyumba na wapangaji, kisha uliza historia ya kiwanja. CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), iliyoundwa mwaka 1973, ndiyo iliyopanga mji na kugawa viwanja hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri. Kwa hiyo nyaraka za majirani wawili zaweza kutofautiana, na hofu zao pia.

Andika daftari lako jioni ileile. Kuficha jina hakutoshi ikiwa mtaa una fundi saa mmoja tu: badilisha kazi yake au mahali alipo. Kabla mchoro haujafika kwa maofisa mipango miji, urudishe barazani, uwaache wenyewe waurekebishe kwa kalamu yao.