Usifukie vishimo vya nyuki shambani

Jamani wakulima wenzangu wa Newala na Masasi, ukiona vishimo vidogo vidogo kwenye udongo mtupu karibu na mikorosho, na pembeni kuna kavumbi kamerundikwa, tafadhali usimwage maji ya moto. Hao ni nyuki wanaoishi peke yao, kila jike anachimba shimo lake, anaweka chavua, anataga yai juu yake anaziba basi, hawana mzinga wa kulinda ndo maana kuuma kwao ni nadra sana. Waachie kipande kinachopigwa jua, kisichotuamisha maji, usikilime wala kukifunika majani, na jirani yake panda mbaazi na ufuta wapate maua. Dawa ya wadudu kama lazima, piga jioni wakishatulia.