Somo: Namna ya kufumbua vitendawili vigumu vya besiboli mtandaoni

Wakuu, kila kikitoka kitendawili cha besiboli ya Marekani meseji ni ileile: "umekipataje?" Naandika mara moja tu. Tutembee na mfano huu: nani alipiga hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama) akichezea timu mbili tofauti, katika miji miwili, siku moja, na warushaji mpira wote wawili aliowapiga baadaye wakaingizwa Cooperstown (jumba la heshima la besiboli)?

1. Soma swali mara mbili. Hiti si lazima iwe homrani (pigo la kuzunguka vituo vyote), na kucheza mechi si kuianza.

2. Tafuta sharti adimu kuliko yote, uanze nalo. Hiti zinapigwa maelfu kila msimu, hazikusaidii. Timu mbili kwa siku moja ndiyo adimu, maana yake mtu aliuzwa mchana na kufika timu mpya usiku. Kwa hiyo usichimbe rekodi za hiti, chimba uhamisho wa katikati ya msimu.

3. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika site:sabr.org, kisha maneno yako kwa Kiingereza. SABR (chama cha watafiti wa besiboli) wana wasifu wa maelfu ya wachezaji, na visa vya ajabu kama hivi hawaviachi. Utampata Joel Youngblood, Agosti 4, 1982.

4. Usijibu bado. Fungua Retrosheet (tovuti ya kumbukumbu za mechi, ni bure) uone majedwali ya mechi zote mbili. Mchana akiwa na timu ya Mets mjini Chicago alimpiga hiti mrushaji Ferguson Jenkins. Usiku akiwa na timu ya Expos mjini Philadelphia akampiga hiti Steve Carlton. Sasa jibu.

5. TAREHE. Hapa ndipo nilipowahi kuaibika, someni polepole. Mechi ikisimamishwa, tuseme kwa mvua, na kumaliziwa wiki kadhaa baadaye, takwimu zote zinaandikwa kwa tarehe ILIPOANZA. Timu za Nationals na Yankees walianza Mei 15, 2018, wakamalizia Juni 18. Juan Soto alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Mei 20, kisha Juni 18 akaingia kwenye kiporo kile na kupiga homrani. Vitabuni homrani hiyo ni ya Mei 15, siku tano kabla hajafika ligi kuu! Ukichuja kwa "kuanzia siku yake ya kwanza", umemtupa mtu uliyekuwa unamtafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa Danny Jansen, aliyecheza pande zote mbili za mechi moja: ilianza Juni 26, 2024 akiwa Toronto, ikamaliziwa Agosti 26 akiwa Boston. Ukiitafuta Agosti 26 utapata mechi nyingine ya siku hiyo. Onyo la pili: Wamarekani huanza na mwezi, hivyo 8/4/82 si Aprili.

6. Majina ya timu hurithiwa. Washington Senators ni wawili: wa 1901 hadi 1960 walihamia Minnesota, wa 1961 hadi 1971 wakahamia Texas. Retrosheet wanawaita WS1 na WS2.

7. Kwa miaka ya zamani, ingia Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mechi ya leo isome kwenye gazeti la kesho.

Maswali

Swali: Mkuu, cha jana jibu lake nini?
Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 4.

Swali: Mimi nimeuliza akili mnemba ikanipa jina na tarehe kabisa, mbona mmenikatalia?
Jibu: Ulifungua jedwali la mechi ya tarehe hiyo? Jina lake lilikuwemo? Basi.

Swali: Somo refu bure. Si ulipie Stathead (chombo cha kuchuja takwimu) tu umalize?
Jibu: Lipia, ni chombo kizuri, kinachuja haraka. Lakini hakitakwambia umeuliza swali vibaya. Hatua ya 2 hainunuliwi.

Swali: Samahani mwalimu, kuna njia ya kuziona mechi zote zilizosimamishwa kwa pamoja, bila kubahatisha?
Jibu: Swali zuri, dada. Pakua faili za kumbukumbu za mechi za Retrosheet, mwaka mmoja mmoja, uzifungue kwenye Excel. Hazina vichwa vya safu, usishtuke. Safu ya 1 ni tarehe, mfano 20180515. Ya 4 ni timu mgeni, ya 7 mwenyeji. Ya 14 ndiyo unayoitaka: inajazwa pale tu mechi ilipomaliziwa siku nyingine, na tarehe ya kumalizia imo humo. Chuja zisizo tupu. Na safu ya 2, ukiona 1 au 2 ujue siku hiyo walicheza mara mbili, usichanganye majedwali.

Swali: Yule mchezaji wa zamani Ty Cobb ana hiti 4,191 au 4,189? Naona zote.
Jibu: Zote zipo. Mechi moja ya 1910 ilihesabiwa mara mbili. Tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference wameiondoa wakabaki na 4,189, ligi yenyewe imeng'ang'ania 4,191. Ukijibu, taja umetoa wapi. Na angalia kitendawili kimetungwa lini: tangu Mei 2024 takwimu za Negro Leagues (ligi za Wamarekani weusi enzi za ubaguzi) zimeingizwa, na wastani wa kupiga hiti wa juu kuliko wote sasa ni wa Josh Gibson, .372, si wa Cobb tena. Vitabu vya zamani vitakudanganya bila kosa lao.

Swali: Nje ya mada kidogo, kuna Mwafrika aliyewahi kufika huko?
Jibu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimpiga hiti Jon Lester. Mtu akikuletea ubishi wa Visiwa vya Kanari (viko pembeni mwa Afrika lakini ni vya Hispania), mwambie aseme kwanza anahesabu bara au nchi.

Mdau: Niongezee kwa walio huku kwetu. Mechi ya saa moja jioni New York wakati wa kiangazi chao, kwetu ni saa nane usiku, tarehe imeshageuka. Programu nyingi za simu zinaonyesha tarehe ya kwako.
Jibu: Kweli kabisa, kaka. Hiyo naiongeza hatua ya 5.