Ua limekauka? Usiling'oe, linasubiri mvua

Jamani, kabla hujamwambia kijana wa bustani asafishe hilo eneo hebu soma hapa kwanza. Dar hii kuna maua ambayo jua likikaza yanapotea kabisa, jani linakuwa njano, linalala chini, unabaki na udongo mtupu alafu watu wanasema limekufa. Halijafa. Chini kuna kitunguu cha ua, sio cha kupikia, kimelala na akiba yake kinasubiri mvua. Mi nilishapoteza vitunguu sita hivihivi, fundi alipita na sururu palepale na sikuwa nimeweka alama yoyote, roho iliniuma sana maana vilikuwa vya mama. Kwa hiyo cha kwanza kabisa, likianza kukauka zungushia mawe au fukia chupa pembeni.

Ninalolipenda kuliko yote ni lile jekundu la duara kama mpira. Vuli zikianza, kuanzia mwezi wa kumi hivi, unaona kitu kinene chenye madoadoa kama ya zambarau kinachomoza kwenye udongo bila jani hata moja, siku chache tu kinafunguka na mpira mzima ni vijiua vidogovidogo, vinafika mia na zaidi. Linatoa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo usilikose! Panda kitunguu shingo iwe usawa wa udongo, usikizamishe, na weka chini ya mwembe au ukutani penye kivuli. Ua likiisha majani ndo yanakuja, na hapa wengi wanakosea wanayakata eti yanajaza nafasi, wakati hayo majani ndo yanapika chakula cha ua la mwakani. Yaache mpaka yawe njano yenyewe, ndo uache na kumwagilia.

Zile lili za mvua za pinki ni rahisi sana, zinataka jua, panda kama vidole viwili kwenda chini, mvua kubwa ikipiga baada ya siku chache zinatoka zote kwa pamoja. Ua la kana (canna) lenyewe halipotei, ila shina lililomaliza kuchanua likate chini kabisa ili machipukizi yapate nafasi, na kila baada ya miaka miwili mitatu chimbua ugawanye, mwisho wa mwezi wa pili kabla masika haijaanza.

Adui mkubwa ni maji kutuama. Kama kwako ni mfinyanzi nyanyua tuta, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, sio ya kuku mbichi, ile inaunguza. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi angalia juu ya udongo, ukiona weupeweupe umeganda ujue ni chumvi, kinga maji ya mvua kwenye mapipa utumie hayo.

Kingine, tafadhali sana, hivi vitunguu ni sumu, na kiazi cha gloriosa, lile linalopanda na kuchanua kama moto, ni sumu kali zaidi. Usivihifadhi jikoni, watoto wasichezee, na mbuzi wafunge mbali.

Vitunguu vikishajazana chimbua vile vidogo vya pembeni mwezi wa tisa kabla havijaamka, mpe jirani, na mwambie kabisa kwamba mwaka wa kwanza lile jekundu linaweza lisichanue kwa sababu limehamishwa, asilitupe.