Nastashiamu kwa hali ya Dodoma: usiidekeze, na vidukari usivikimbilie na dawa kali

Lile ua la chungwa na njano lenye majani ya duara mnaloulizia kila siku ndo nastashiamu, kitaalamu Tropaeolum majus, asili yake Amerika Kusini huko milima ya Andes, na Dodoma inakubali vizuri tu ila haitaki kudekezwa. Ukiimwagia samadi kama unapanda mchicha utapata majani mengi makubwa na ua hamna, we ipe udongo wa kawaida usiotuamisha maji basi.

Panda mvua zikishashika, Desemba hivi, au Mei kibaridi kinapoanza kama una maji ya kumwagilia. Jua la Oktoba sahau. Mbegu loweka usiku mmoja, fukia sentimita 2, achanisha kama sentimita 30, na uzipande palepale zitakapokaa maana kuhamishwa haipendi. Sehemu yenye kivuli cha mchana ndo nzuri. Kuku wakizurura zungushia miba mapema.

Sasa wadudu. Geuza jani uangalie chini, hasa kwenye vikonyo na ncha changa, utakuta vidukari vyeusi, vile vidudu vidogo vinavyofyonza maji ya mmea, vimebanana hadi jani linajikunja na linanata, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka ujue wanafuata ule utamu unaonata unaotolewa na vidukari, na wenyewe ndo wanavilinda. Vikiwa vichache pigisha maji kwa nguvu asubuhi vidondoke, shina lililozidiwa kata utupe mbali. Vikigoma, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita 1 ya maji, pulizia jioni chini ya majani sio juu, baada ya siku kadhaa rudia. Au twanga majani ya mwarobaini, si imejaa mitaani, loweka usiku kucha, chuja, pulizia. Yule mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi mwache, huyo vidukari ndo chakula chake.

Wengine wanaipanda pembeni ya sukuma wiki makusudi ili wadudu wakimbilie huko, inasaidia, ila mi naona uiweke mbali kidogo na uikague mara kwa mara, la sivyo umefuga vidukari mlangoni kwa mboga zako. Viwavi wa kabichi nao wanaipenda, hao okota kwa mkono tu.

Majani na maua yanalika, yana ukali fulani hivi, katia kwenye kachumbari, ila yaoshe kwanza, na kama ulipiga dawa ya dukani usiguse.