Kufuatilia wenye nyumba kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Anza na leo, kisha rudi nyuma. Anayeanza na masimulizi ya babu hukwama mapema, maana jina aliloambiwa mara nyingi halimo kwenye hati kama anavyolitamka.

Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, andika mtaa, namba ya nyumba, anayeishi humo na kwa haki gani, kisha majirani wa pande nne. Usiwadharau majirani. Hati za zamani huitambulisha nyumba kwa mipaka: kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia. Hati yako ikipotea, ya jirani inaweza kukutajia mwenye nyumba yako.

Kwa Mrajis wa Ardhi omba upekuzi wa kumbukumbu za nyumba. Ardhi Zanzibar ni mali ya umma, hivyo unachotafuta ni haki ya kuitumia. Mapema kabisa uliza pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi, na mpangaji aliyekaa miaka 40 bado ni mpangaji.

Mfuatano wa wamiliki mara nyingi hukatika 1964, kwa kuwa baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali. Pengo hilo usilijaze kwa kukisia. Ruka, uanze upya Nyaraka za Taifa, Kilimani. Huko mtu mmoja ataandikwa Suleiman, Seleman na Sliman, pengine kwa jina la baba, pengine kwa kabila tu. Tafuta yote. Ukikuta mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, uzidishe kwa 0.97, uongeze 622: 1306 inakupa 1888.8, yaani 1888 au 1889.

Mirathi ndiyo inayoponza wanunuzi. Mwislamu akiacha mke na watoto, mke hupata 1/8, na mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Vizazi vitatu bila kugawana, anayekuuzia huenda ana chumba kimoja tu kwa hesabu. Dai hati ya mirathi ya kila kifo.

Mlango usiutegemee kwa umri wa nyumba, hata ukiwa na tarehe, kwa sababu milango huhamishwa. Afadhali upime vyumba. Boriti za mikoko hazivuki sana mita 3, kwa hiyo chumba kipana kisicho na nguzo wala tao kina vyuma au zege, na sehemu hiyo ni ya baadaye.